Mama Rukaiya Kahitimu

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu hapa Utemini kuna watu wamelikalia mpaka wanadhani wamerithishwa. Nililiweka nje ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli ili wateja wakae wakisubiri. Basi wateja wanasimama, na wanaokaa ni watatu wale wale. Kuna Mzee Haji, tunayemwita Redio kwa kuwa kila habari humfikia na mikwaruzo. Kuna Melkiori, ambaye ni Mheshimiwa tangu aliposhindwa uenyekiti wa mtaa. Na kuna Gerald wa mashine ya alizeti, jina lake la utani Mashudu, kijana wa maneno mengi. Kahawa ni ya Mama Rukaiya, anayeweka jiko lake upande wa benchi usiopigwa na upepo. Juzi alimimina bila utani wake, nikamwuliza ana nini.

— Nimehitimu, akasema.

Mzee Haji akashika kofia yake.

— Inna lillahi! Hitima ya nani? Kafa nani tena?

— Hajafa mtu, Mzee Haji. Ni ule mpango wa kaya maskini. Wanasema kaya yangu imehitimu, eti hali imeinuka. Leo saa kumi mkutano wa mtaa unathibitisha. Wakithibitisha, ruzuku basi.

— Hongera zako! akadakia Mashudu. Joho utavaa la rangi gani?

— Usinichekeshe, mwanangu. Wamesema kama yupo jirani anayeijua hali yangu, asimame aseme.

Mheshimiwa akakohoa. Tukajua tumekwisha.

— Jambo hili lina faida na hasara, akaanza. Faida, watoto wanakwenda shule, kina mama wananunua kuku. Hasara, watu wanabweteka. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Mgeni nani? akafoka Mzee Haji. Huyu yupo hapa kabla ya lami!

— Mgeni kwenye fedha za serikali, Mzee Haji. Elewa.

— Mi naona tatizo ni kuku, akasema Mashudu. Siku wakaguzi wakitajwa tu, kuku wa mtaa mzima wanahamishiwa kwa mashemeji. Nyumba haina hata unyoya. Wakaguzi wakigeuza pikipiki, jogoo huyo, anarudi kwake anawika.

— Ala! Kumbe kuku wanasafiri, na mimi hata Manyoni sijafika mwaka huu, akalalamika Mzee Haji.

— Wangu hawakusafiri, akasema Mama Rukaiya. Waliwakuta wazima, wakaandika nina mradi. Walipoondoka kikaja kideri, sikubaki na hata kifaranga.

— Pole, pole sana, tukasema wote kwa pamoja, na Mashudu hata hakuvuta pumzi, akaendelea.

— Halafu fikirieni, wazee. Maskini wote wakihitimu, mpango unafungwa. Mpango ukifungwa, wafanyakazi wake wanakosa kazi. Wakikosa kazi, nao si maskini? Inabidi wafunguliwe mpango! Kwa hiyo ni lazima tubakize maskini wachache, wa mbegu.

— Mngenipa kura zenu, akasema Mheshimiwa, ningeandikisha kila mtu kuwa maskini, matajiri wakiwemo. Haki sawa kwa wote. Haba na haba...

— Hujaza kibaba, akamaliza Mzee Haji, na kibaba kikijaa wanakunyang'anya. Ndiyo maana mimi changu sikijazi!

Tukacheka, na mimi nikacheka, kahawa ikanimwagikia gotini.

Hapo akatokea mgeni, begani ana ringi ya baiskeli iliyopinda.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, karibu.

Alijitaja ni Noel, mkulima wa Misigiri. Nikamsukuma Mashudu ili naye apate pa kukaa, maana huyu sasa ndiye mteja. Akapewa kahawa, akasimuliwa habari ya mkutano na watu watatu kwa mpigo, na kila mmoja akaisimulia kivyake. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

— Samahani, wazee. Mnasema anatakiwa jirani asimame. Sasa huyu mama mnamwita Mama Rukaiya. Rukaiya mwenyewe ni yupi?

— Si yule aliyeolewa Dodoma, akasema Mheshimiwa.

— Dodoma wapi? Yupo chuo, anasomea ualimu, akasema Mzee Haji.

— Mi nilijua ni jina tu, akasema Mashudu taratibu. Kama la duka.

Wakanigeukia mimi. Hata mimi sikumjua, na aibu ilinipanda mpaka masikioni. Kahawa yake nakunywa kila asubuhi ya Mungu.

Mama Rukaiya alikuwa anapuliza mkaa.

— Yuko nyumbani, akasema. Miguu haikukaza tangu azaliwe, na sasa ni mkubwa, kumbeba siwezi. Kwa ruzuku ile namlipa binti wa kushinda naye ili nije hapa kuwapikia kahawa. Ikikatika, nitashinda naye mwenyewe.

— Sasa mama, mbona hukusema? Mheshimiwa akauliza.

— Mlikuwa mnaongea, baba.

Hakusema kwa ubaya. Alimimina tena, akaanza na Mzee Haji kama kawaida. Hakuna aliyenyanyua kikombe.

— Saa kumi, umesema? akauliza Mzee Haji.

— Saa kumi.

— Basi tupitie kwako kwanza. Tumsalimie mtoto.

Mama Rukaiya akajifuta mikono kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

— Karibuni sana. Ila kwangu viti havitoshi.

— Tutasimama, akasema Mheshimiwa, na hakuongeza neno.