Hewa Iliyopanda Machimboni

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Fundi Upepo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya wanne. Tangu utotoni alikuwa na wazimu wa hewa. Siku moja aliuchana mto wa kulalia wa mama yake, akayaachia manyoya juu ya jiko ili aone yanavyopanda. "Haya, mwanangu," mama akamwambia, "leo utalalia kiwiko." Alilalia kiwiko wiki nzima, tena kwa furaha.

Alihitimu ualimu wa fizikia mwaka 1984, akafundisha miaka kumi na minne, kisha akaajiriwa kutengeneza programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege. Kazi yake ilikuwa kuiwekea hewa inayopanda, ile inayoibeba ndege isiyo na injini isianguke. Bati lililopigwa na jua, shamba lililolimwa, mwamba mkavu, kila kimoja alikipa nguvu yake.

Tarehe 8 Agosti 1987 alimwoa fundi cherehani aliyemshonea suruali yenye mguu mmoja mfupi. Alikwenda kulalamika, akasahau lalamiko.

Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba 2001, mdogo wake alikuwa angani katika ndege isiyo na injini, naye marehemu alikuwa chini, ameshika redio. "Pinda machimboni," alimwambia, "mawe yameshika joto, hewa itakubeba." Hakutazama juu. Wingu lilikuwa limeyafunika mawe yale saa nzima. Mdogo wake aliamini, akapinda, akaanguka na kufa mita mia nne kabla ya uwanja wa kutua.

Majuto ni mjukuu. Marehemu alilijenga bonde lote la machimbo yale ndani ya kompyuta, pamoja na hewa ya siku ile, na kila Jumamosi aliirusha ndege ya mdogo wake. Kipimo cha ndege hiyo hulia ti-ti-ti ikipanda, na huguna ikishuka. Nyumba ile ilizoea mguno. "Mume wangu, maji yakimwagika hayazoleki," mkewe alimsihi. Naye alijibu, "Naitafuta tu hewa. Haipo."

Figo zilianza kumsumbua Januari 2022. Jumamosi ya tarehe 1 Juni 2024, hospitalini, alimshika mkono binti yake, aliyemrithi kazi na ndiye anayesoma wasifu huu. "Mama," alimwambia, "niwekee hewa pale machimboni. Mara moja tu." Binti akajibu, "Baba, si wewe uliyenifundisha kwamba hewa haidanganywi?" Alitabasamu, akageukia ukutani. Alifariki tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi. Binti analijutia jibu lile mpaka sasa, na ataendelea kulijutia.

Jana asubuhi aliiwasha kompyuta ya baba yake, akaiweka hewa. Ndege ilizunguka juu ya machimbo, ikapanda, ikaelekea uwanjani. Chumba cha pili mjane alikuwa akipiga pasi suruali ya marehemu. Aliposikia ti-ti-ti, alikuja kusimama mlangoni na pasi yake mkononi.

"Amefika?" aliuliza.

Binti hakujua mama anamuulizia yupi kati ya wale wawili.

"Amefika, Mama."

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, dada wawili, na shemeji yake, mjane wa mdogo wake. Ndugu hawa wawili wapumzike pamoja, kwa amani.