Marinda Yaliyolala Kushoto

Bibi Tokie Kanomata, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 hapa Utsunomiya, mtoto wa tatu wa Mzee Genkichi Aramaki, muuza mbegu, na mkewe Bi. Fuyu. Wasifu huu umeandikwa na mjukuu wake Chinatsu, mwanafunzi wa sekondari. Baba yake ndiye aliyetaka kuuandika, lakini Chinatsu akambembeleza mpaka akapewa, kwa sababu kuna neno alilopaswa kumwambia Bibi akalikalia mpaka muda ukaisha. Litasemwa hapa, mahali pake.

Marehemu alianza shule ya msingi Aprili 1947. Alizaliwa wa mkono wa kushoto, na enzi hizo hilo lilikuwa jambo la kurekebishwa. Kila asubuhi mwalimu aliufunga mkono huo ubavuni kwa kitambaa, mbele ya darasa zima, mpaka mtoto akajua kuandika kwa mkono wa kulia. Nyumbani nako aliambiwa hakuna atakayemwoa. Akatii. Kalamu, vijiti vya kulia chakula, mkasi, vyote vikahamia kulia. Alimaliza masomo Machi 1956 akiwa na mwandiko mzuri kuliko wote.

Mwezi uliofuata aliajiriwa kwenye karakana ya sare za shule, kazi yake kupiga pasi marinda ya sketi. Aliifanya, kwa kuiacha na kuirudia alipokuwa akilea, hadi mwaka 2001. Wako akina mama wengi waliopo hapa leo ambao, bila kujua, walisoma miaka yote wakiwa wamekalia marinda yake.

Tarehe 3 Novemba 1965 aliolewa na Yoshimitsu Kanomata, fundi wa mikeka ya tatami. Katika nyumba hiyo kila Jumamosi zilitengenezwa gyoza mia moja, vile vifurushi vidogo vya unga vyenye nyama ndani, na mama mkwe hakutaka kusikia habari za kununua dukani ngozi za unga zilizokwisha kukatwa. Unga ulikandwa kwa maji ya moto, ukapumzishwa chini ya kitambaa kibichi mpaka uwe laini kama ndewe ya sikio. Kabichi ilikatwakatwa, ikatiwa chumvi, ikakamuliwa, ndipo ikachanganywa na nyama ya nguruwe, tangawizi na vitunguu saumu. Hayo yote bibi harusi aliyaweza kwa mkono wa kulia. Kilichomshinda ni kufunga. Ngozi ikiwa kiganjani, vidole vya kulia havikujua kukunja yale marinda madogo ya ukingoni. Vya kushoto vilijua tu, bila kufundishwa. Basi akawa anafunga akiupa ukuta uso.

"Mke wangu, huo ukuta ndio uliokuoa?" mumewe alimtania.

"Huku kuna hewa."

"Hewa ya ukutani!"

Babu alikuja kugundua baada ya miaka kumi na moja, kwa kuangalia sahani: marinda ya mama yake yalilala upande mmoja, ya mkewe upande wa pili. Alianza tu kuchagua za mkewe kwanza. Alifariki mwaka 1998, mama yake akiwa ametangulia, na Bibi akaendelea kufunga akitazama ukuta, ingawa hapakuwa tena na mtu wa kumficha.

Jumamosi ya tarehe 20 Juni 2015 Chinatsu, akiwa na miaka kumi na miwili, alimleta nyumbani rafiki yake Rikako. Akaenda kuchukua sinia, akachungulia begani kwa Bibi.

"Bibi, mbona zako zimelala kinyume? Kama zimekosewa!"

"Labda mashine ya Bibi imefungwa mbele nyuma," Rikako akadakia.

Wakacheka mpaka wakashikana. Bibi naye akacheka. Kisha akanawa mikono, akazifunga zilizobaki kwa mkono wa kulia, polepole, akiwa amewageukia. Kwenye kikaango, maji yalipomwagwa na kifuniko kikawekwa, zile za mwisho zilipasuka na nyama ikamwagika.

"Tangu lini gyoza za Mama zinapasuka?" baba yake Chinatsu akauliza.

"Uzee, mwanangu. Vifundo vya mikono vinauma."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na pakiti ya gyoza za dukani. Na iliyofuata. Daktari aliangalia vifundo hivyo, hakuona ugonjwa. Mwaka mmoja baadaye shangazi Sumie alimsimulia Chinatsu habari ya kitambaa cha shuleni, na Chinatsu akaikumbuka siku ile na Rikako. Alijua ni nani aliyeufunga mkono ule mara ya pili. Hata hivyo alinyamaza, akala zile za pakiti miaka mitatu zaidi, akisema ni tamu.

Mei 2019 marehemu alipatikana na saratani ya kongosho. Jumapili ya tarehe 22 Septemba aliruhusiwa kurudi nyumbani kwa siku moja, akaomba unga. Akageuza kiti kuelekea ukutani. Chinatsu akachukua kigoda chake, akakaa katikati ya Bibi na ukuta.

"Unanizibia ukuta wangu, wewe."

Chinatsu akaanza kufunga kwa mkono wa kushoto. Nyama ikamtoka kila upande.

"Unafanya nini na unga wa watu?"

"Najaribu, Bibi."

"Huo si mkono wako. Rudisha kulia, utatutia hasara."

"Bibi, siku ile na Rikako..."

"Kabichi inatoa maji. Kamua."

Chinatsu akakamua. Hakulimalizia lile neno, na hajui kama Bibi alimwokoa au alikuwa anajiokoa mwenyewe. Alichokiona ni hiki: Bibi alifunga gyoza arobaini na tatu kwa mkono wake wa kushoto, wakiwa wametazamana.

Zililiwa kumi na mbili. Marehemu alifariki hospitalini Jumamosi ya tarehe 9 Novemba 2019, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini na minane.

Ameacha mtoto wa kiume, Hirotaka, na mkewe Namiko; binti yake, Sumie; wajukuu wawili, Chinatsu na Itsuki; na gyoza thelathini na moja kwenye friza. Zitakaangwa tarehe 27 Desemba, siku ya arobaini na tisa ya msiba, mwiko wa wafiwa kula nyama utakapokwisha. Mtakaokuja mtaona marinda yamelala kushoto. Hayakukosewa. Aliyesema yamekosewa ni Chinatsu, naye anaomba radhi, kwa kuchelewa, mbele yenu wote.

Alale salama Bibi yetu, na mikono yake yote miwili ikiwa huru.