Bia Iliyonitoa Sauti

Msinionee huruma kwa sauti hii, ndugu zangu. Nikikwama, subirini kidogo, itarudi.

Mnaonijua hapa mjini kwetu Ibra mnajua nilivyokuwa mropokaji. Basi nikaugua koo, nikapelekwa Ujerumani, wakalikata, wakatoa kisanduku cha sauti. Daktari akanitia kidude shingoni, akanambia: ziba hapa kwa kidole, sema. Nikasema neno moja, nikajisikia, wallahi nikaona haya. Sauti ya mbuzi! Nikanyamaza moja kwa moja. Mama yangu akipiga simu, mke wangu humwambia, "Kalala." Kila siku kalala. Mwisho bi mkubwa akaanza kulia: "Mwanangu kafa, mnanificha."

Na hata hapo sikusema. Ukaidi gani huo!

Mkabala na hospitali palikuwa na jumba la baraza la mji, na chini yake mgahawa wa zamani. Unateremka ngazi, dari la mawe, bia inanuka mpaka mlangoni. Mke wangu akaguna. Lakini nje baridi, na supu yao ya samaki nzuri, bwana we! Tukakaa meza ya pembeni, kumbe ina wenyewe. Wakaingia wazee, kila mmoja anagonga meza, kimya, anakaa. Nikadhani tunafukuzwa. Nikainuka. Mzee mmoja akanishika bega, akanikalisha. Kumbe ndiyo salamu yao. Nikagonga na mimi. Ndugu zangu, nakwambieni, ilikuwa salamu yangu ya kwanza tangu kukatwa.

Tukawa tunakwenda kila jioni, wao na bia zao, mimi na maji yangu ya tufaha. Niliwapenda wazee wale.

Siku moja mhudumu mgeni akaniwekea bilauri kubwa ya bia, povu linamwagika. Mke wangu kaenda kunawa. Sikujijua, kidole shingoni: "Laa! Mimi Mwislamu!" Kwa Kiswahili, tena! Wazee wakaigonga meza mpaka bilauri zikacheza, wanacheka, wananishangilia. Nikacheka na mimi, machozi yananitoka.

Mungu awalipe kheri wazee wale, na mke wangu amsamehe uongo wake wa "kalala". Na wewe uliyekatwa juzi, uliyejifunika shali huko nyuma: sauti yako ndiyo hiyo hiyo mbaya. Itumie, kuna anayeingoja.

Jioni ile nilimpigia mama. "Shikamoo, mama." Akauliza ni nani. Nikarudia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mbona sauti imekauka hivyo? Hawakupi chakula huko?"