Masikio Yaliyokataa Kulala

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Niwieni radhi nikikwama, kichwa changu bado hakijatulia.

Wengi mwanijua kwa mahamri ninayouza pale Kibokoni. Mamangu alipopooza, nilimuuguza miaka mingi peke yangu. Akikohoa tu, nishasimama. Mwili ukajizoeza kukesha. Alipofariki, watu waliniambia, "Sasa pumzika." Ndugu zangu, nawaambia, usingizi haukuja. Masikio yangu yaliendelea kumsikiliza mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nikanunua vidonge duka la dawa, bila kumwona daktari. Vilisaidia kidogo, kisha vikakataa. Mchana nashindia kahawa tungu ili nisimame, na hiyo kahawa ndiyo inayonitoa usingizi. Nikawa mkali. Mtu akicheka barazani, naona ananicheka mimi. Nasali, sijui nimefika rakaa ya ngapi. Mwisho nikawa naomba Mungu anichukue. Nayasema wazi, maana huenda humu yumo mwenzangu anayeomba hayo hayo, naye kanyamaza.

Asubuhi moja nilisinzia nikikaanga mahamri, mjukuu wangu akicheza kando. Mkono ukaingia karaini. Mafuta yaliruka, mtoto hayakumpata, ni rehema tu. Jirani akaja mbio na maji. Binti yangu alimbeba mwanawe, akasema huku analia, "Mama, siwezi kukuachia mtoto tena." Wakahama kwangu, wakaenda kukaa mtaa wa Buxton.

Wifi yangu alikuja akanikuta nimekaa sakafuni. Hakunipa pole. "Vaa buibui, twende hospitali."

"Sina la kumwambia daktari."

"Basi nitasema mimi."

Daktari alinisikiliza, akasema, "Mama, huu ni ugonjwa. Si uvivu, wala si majini." Kahawa ikakatwa, vidonge nikapunguziwa pole pole, kulala mchana marufuku. Na wifi akawa anagonga mlango kila alfajiri niamke, hata kama sikupata lepe.

Sijapona. Kuna siku nalala, kuna siku sipati kitu. Mjukuu bado haletwi kwangu, na pengine hataletwa. Lakini ile dua ya kufa siiombi tena.

Jirani, wifi, na yule daktari, Mungu awalipe. Nanyi nawaachia neno moja: mkienda kumwona mgonjwa, msiishie kitandani kwake. Mtafuteni anayemuuguza, mumuulize, "Na wewe, umelala?" Akisema amelala, msimwamini upesi.