Mama Koti na Ndege ya Saa Kumi na Moja

Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni, fundi mkuu wetu wa vyumba vya baridi, Mama Koti, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Hafla inaanza saa sita mchana. Ndege yake inaondoka saa kumi na moja jioni, na yeye mwenyewe ameagiza kwamba wasifu huu usiwe mrefu. Waheshimiwa mliojiandaa na hotuba za kurasa nne nne, samahanini sana, lakini mmeshaambiwa.

Alijiunga na kampuni akiwa fundi msaidizi, mwanamke pekee karakanani, kazi yake kuosha mabomba na kuwashikia wenzake taa. Haikuchukua muda ikajulikana kwamba huyu dada ni kiguu na njia. Akimaliza lake, anachungulia la mwenzake. Akimaliza la mwenzake, yuko dirishani anaangalia malori yanaelekea wapi. Wakubwa wakaona heri wamtume mbali. Ndivyo zilivyoanza safari zake za nje, kufunga na kutengeneza vyumba vya baridi vya wateja wetu: viwanda vya samaki, maghala ya dawa, mashamba ya maua.

Wageni wetu waelezwe jambo moja. Chumba cha baridi kikishatengenezwa, hulazwa. Yaani mlango unafungwa na haufunguliwi mpaka kesho yake, ionekane kama baridi imeshika au inavuja. Siku hiyo fundi hana la kufanya. Mafundi wengi, akiwemo mwandishi wa wasifu huu, huitumia kujinyoosha hotelini na kula mayai yaleyale wanayokula kwao. Mama Koti, thubutu! Akishageuza ufunguo, humuuliza mlinzi wa getini yeye mwenyewe anakula wapi, na huko ndiko anakokwenda. Meneja hamuulizi hata siku moja. Anasema meneja atakupeleka penye vitambaa vya meza.

Mwandishi amesafiri naye mara nyingi, na anaomba ukweli usemwe: ilikuwa taabu. Umekaa kwenye benchi, sahani ndiyo kwanza imefika, samaki bado anafuka moshi ndani ya majani yake, mwenzako keshasikia kwamba ng'ambo ya mto kuna mama anayeoka mikate kwenye tanuri la shimoni, na kwamba mikate hiyo haichelewi kuisha. Basi unamezea njiani. Mkate haujapoa mkononi, keshauliza kilima kile kinapandwa kwa wapi. Tulikipanda, tena na viatu vya ofisini. Kule juu tuliuona mji wote, paa kwa paa, na mto umejikunja katikati, na mwandishi akakiri kimoyomoyo kwamba kutoka kitandani hotelini asingeyaona hayo. Kumwambia, hakumwambia.

Jina la Mama Koti alilipata katika safari mojawapo ya hizo. Alitoka kwenye chumba cha samaki, akafunga mlango, na kwa haraka ya kuwahi soko akasahau kwamba bado amevaa koti la kazi, lile zito lenye kofia ya manyoya. Nje jua lilikuwa la kupasua kichwa. Akina mama wauza supu wakaona mtu amejifunika gubigubi, jasho linamtiririka, na walipomshika mikono wakakuta ya baridi kama maiti. Masikini! Mmoja akamkalisha, wa pili akawa anamsugua viganja, wa tatu akamletea bakuli la supu chachu yenye pilipili na akakataa katakata kulipwa. Lugha yao Mama Koti haijui, na wala hakuona sababu ya kuharibu mambo. Akainywa yote. Kesho yake, chumba kilipofunguliwa na kukutwa kimeshika vizuri, alirudi pale sokoni na koti lake, safari hii kwa makusudi, akawaeleza kwa ishara mlango, barafu na spana. Walicheka mpaka wakakaa chini. Kila alipopita mji ule hakukosa kwenda kuwasalimia.

Kikazi hatuna haja ya kupamba. Nusu ya mafundi mnaowaona ukumbini leo wamefundwa naye, na wamegombezwa naye. Ghala la dawa ambalo mafundi wa kwao walishalikatia tamaa yeye alilifufua, likawa halilali na joto tena. Wateja wakipiga simu hawaulizi kampuni inatuma fundi lini, wanauliza yeye anakuja lini.

Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja aliyesubiri kila safari iishe. Ni mume wake, Mwalimu. Alifundisha jiografia mpaka akastaafu, akachora mito ya dunia ubaoni kwa chaki bila kuvuka mpaka hata mmoja. Mama Koti akirudi huanza kusimulia kabla hajavua viatu, na Mwalimu huuliza: maji ya ule mto yana rangi gani, daraja limeegemea wapi, ile supu uchachu wake ni wa tunda gani. Kisha mama anaingia jikoni kujaribu. Binti yao anasema wamelishwa majaribio mengi, na mengine hata paka aliyakimbia. Na kila simulizi iliisha kwa ahadi ileile, kwamba safari ijayo watakwenda wote. Safari ijayo ikaja, ikapita, ikaja nyingine.

Mwaka jana daktari wa macho alimwambia Mwalimu kwamba presha ya macho imeshamla uwezo wa kuona pembeni, na kwamba dawa zitachelewesha upofu tu. Tangu hapo karakanani hatukupumua. Mama Koti alikuwa akikaza nati zilizokwisha kukazwa. Anakaa, anasimama, anatoka nje, anarudi kuuliza alikuwa anatafuta nini. Hata hivyo, wakubwa walipomwomba aongeze mkataba wa miaka miwili, alisita. Wateja wanamtaka, mafundi wapya hawajaiva, na kazi yenyewe anaipenda kufa. Akasema atafikiria. Sisi tukashangilia kama wajinga.

Mwezi Machi tulikuwa naye katika mji uleule wa supu. Chumba tulishakilaza. Akiwa juu ya daraja alimpigia Mwalimu simu, akaanza kumsimulia mto kama kawaida yake. Mwalimu akamkatiza kwa upole. Alimwambia amechoka kusimuliwa, anataka kuuona mto huo mwenyewe, maadamu bado ana macho ya kuuonea. Mama Koti aliketi palepale pembeni mwa daraja, watu wanampita, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu hakutaka kwenda kokote. Siku ile mwandishi ndiye aliyevuka mto kwenda kutafuta mkate. Ilimuuma sana kumwona vile. Tuliporudi, mama alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, begi bado begani, akaukataa mkataba.

Mwalimu tunaye hapa leo, mstari wa mbele. Ana pasi mpya mfukoni na kila mara anaipapasa kuhakikisha haijaondoka bila yeye. Kamati ya zawadi ilipendekeza kiti cha kupumzikia, ikazomewa mpaka ikaomba radhi. Badala yake uongozi umekubali kwamba lile koti, ambalo ni mali ya kampuni, sasa ni lake. Limeshapakiwa. Tumenong'onezwa kwamba kule sokoni atakayelivaa ni Mwalimu.

Mama Koti, ahsante kwa kazi, kwa ukali, na kwa kututoa hotelini. Mle mshibe, mtembee salama, na afya iwe nanyi wote wawili. Mkifika pale darajani, dada yetu, tunakuomba kitu kimoja tu: nyamaza, umwache atazame. Haya, keki ikatwe. Teksi iko getini.