Mama Siku na Siku Mia Moja Kumi na Tisa

Mama Siku ameitumikia ofisi yetu ya mawakala wa bima ya afya kwa miaka thelathini na minne, na anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Ndivyo Meneja alivyotaka nianze, tena akasisitiza wasifu uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini mfuko unaowakatia bima wafanyakazi wetu una barua inayosema alistaafu tarehe 3 Machi, na balaa lote liko katikati ya tarehe hizo mbili.

Alianzia mapokezi, enzi hizo ofisi ikiwa na vyumba viwili na taipureta moja ya kugombania. Mwaka wa tatu akahamishiwa dawati la uhakiki wa bima za awali, nyuma ya kabati la faili, karibu na dirisha lisilofunguka. Hapo hakubanduka tena. Kazi yake ilikuwa kuangalia mteja anayekuja kwetu alikuwa na bima gani kabla, na ilikoma lini. Kama hajakaa bila bima zaidi ya siku sitini, miezi aliyotumikia kule inahesabiwa huku na anatibiwa mara moja. Zikizidi sitini hilo ni pengo, na ugonjwa aliokuja nao utasubiri mwaka mzima.

Kwa hiyo kila wakala mgeni alisimamishwa mbele ya kalenda ya ukutani, akapewa rula ya mbao, akahesabu siku moja moja kwa sauti. Vikokotoo marufuku. Ukiruka Jumapili alikurudisha mwanzo, huku akikuuliza kama Jumapili watu huwa hawaugui. Hata Meneja alishika rula hiyo, akiwa kijana mwenye tai ya kuazima. Wakala mwingine aliipa Februari siku thelathini, na mpaka leo anaitwa Thelathini. Mkewe naye siku hizi anaitikia akiitwa Mama Thelathini.

Lakini alikuwa na roho ya chuma pia. Miaka ya nyuma alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, siku sitini na moja. Siku moja tu! Wote mliokuwepo wakati ule mnakumbuka yule mwalimu alivyolia kwenye korido. Mama Siku alimkatalia, akaingia stoo ya karatasi, akalia na yeye, akatoka na macho mekundu kumwita mteja anayefuata.

Mimi nilifika mwaka jana, wakala wa kujitegemea, sina mshahara wala dawati, nina begi na maneno mengi. Alinifundisha kama mwanawe. Somo lake kuu lilikuwa moja: usihesabu kamwe kutoka tarehe anayokutajia mteja. Andikia mfuko anaotoka, upate barua yao, ndipo uhesabu, hata mteja akiwa mama yako mzazi. Nililiandika kwenye daftari na kulipigia mistari miwili.

Tarehe 12 Aprili alinijia na fomu yake mwenyewe. Mawakala waliobobea wako tele humu ndani, akanichagua mimi, nipate mteja wa kuanzia. Alitaka akistaafu Juni aingie bima ya familia, yeye na mumewe, Fundi. Wengi mnamjua Fundi, ndiye aliyeshona mito ya viti vyetu. Jicho lake la kushoto lilishazima. La kulia linatakiwa kupasuliwa mwaka huu, na daktari alisema wazi kwamba likifika Desemba bila kuguswa nalo litazima.

Nilitakiwa kuandikia mfuko siku ileile. Sikuandika. Niliona aibu, jamani. Nimwombe ushahidi aliyenifundisha kuomba ushahidi? Si ningeonekana sina adabu! Yeye alisema 30 Juni, barua ya mkataba wake ilisema 30 Juni, nikaitia fomu kwenye droo nikijiambia muda upo wa kutosha.

Kumbe tarehe 3 Machi alitimiza miaka sitini. Ofisi ilimbakiza kwa mkataba mfupi amalizie faili, ikamwandikia kwamba mafao yake yote yanaendelea, halafu ikasahau kulipeleka jina lake kwenye mfuko. Aprili 12 zilikuwa zimepita siku arobaini. Barua moja tu ya kwangu ingelifichua hilo, na zilikuwa zimebaki ishirini za kurekebisha. Niliandika mwezi huu, na jibu lilikuja Jumatatu. Meneja amewabembeleza wale watu wa mfuko, wamekataa. Tumechanga, haikufika hata robo ya gharama za operesheni.

Jumatatu hiyo nilimpelekea Mama Siku faili. Aliisoma barua ya mfuko mara mbili. Meneja, aliyesimama pale mlangoni, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mhakiki ni yeye, aandike 30 Juni, nani atafukua. Mama Siku akamuuliza kama anamkumbuka yule mwalimu wa siku sitini na moja. Meneja akatazama viatu vyake.

Kisha Mama Siku akachukua rula, akaenda kwenye kalenda, akahesabu mwenyewe kwa sauti, Jumapili zote zikiwemo. Mia moja kumi na tisa. Akarudi, akaandika kwa kalamu yake ya kijani kwamba kuna pengo, akagonga muhuri. Ndilo faili la mwisho alilolifunga katika ofisi hii.

Nilimwomba msamaha. Alinishika bega akaniambia kwamba heshima niliyompa imemponza, na kwamba mteja anayefuata nisimheshimu namna hiyo. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, wala sistahili kulala.

Haya, mafanikio. Amehakiki wateja wasiohesabika, amefundisha karibu kila wakala atakayekula keki leo, na hajawahi kupitisha tarehe ya uongo, hata ile ambayo ingemponya mumewe.

Meneja aliniambia nimalizie kwa kumtakia mapumziko mema. Siwezi. Bima ya waajiriwa haina mwaka wa kusubiri, na Mama Siku analijua hilo kuliko sisi sote. Jumanne alianza kuzunguka kutafuta kazi. Jana amepata, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, karani wa kuhesabu mashuka yanayoingia na kutoka. Anaanza Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa amesimama. Bima ya huko inaanza baada ya miezi mitatu ya majaribio, kama hawatamwona mzee wakamrudisha nyumbani. Ameshazihesabu kwenye kalenda yetu, siku tisini na mbili. Hapo ni mwanzo wa Oktoba, na sasa daktari hana hakika kama jicho litafika hata hapo.

Tunakushukuru, Mama, kwa miaka thelathini na minne. Fundi, lichunge jicho hilo. Na wewe Mama Siku, kwa Jumatatu, tunakutakia kazi njema.