Harun Macharia wa Runinga ya Dakika Kumi

Ninayesoma ni Wangeci, dada mdogo wa marehemu. Tuko hapa Guangzhou kumuaga kabla mwili haujasafiri kesho kwenda Ol Kalou. Ratiba mliyoshika ina aya moja pungufu kuliko karatasi yangu. Sikuliamini duka la kuchapa, maana mtaani kwetu Dengfeng habari hufika kabla ya mwenyewe.

Harun Macharia alizaliwa tarehe 9 Mei 1974 huko Ol Kalou, Nyandarua, mtoto wa kwanza wa Mama Getrude na marehemu Mzee Josphat. Alisoma kijijini, akafanya mtihani wa KCSE mwaka 1992. Akiwa darasa la sita aliifungua redio ya baba na kuifunga tena. Ikalia vizuri, lakini skurubu mbili zikabaki mezani. Tangu siku hiyo baba hakuiamini redio wala Harun.

Alijifunza ufundi wa televisheni Nakuru. Mwaka 2003 alifunga ndoa na Jemimah Chebet, wakajaliwa binti mmoja, Caro. Wakwe walituchunguza miezi minane. Sisi tuliwachunguza tisa.

Mwaka 2006 alikuja Guangzhou kununua simu. Jemimah akamfuata, nami baadaye nikafungua saluni. Machi 2011 alianzisha runinga ya mtaa katika chumba kimoja cha jengo la Tianxiu, akaunganisha skrini kumi na saba: mikahawani, kwa mawakala wa mizigo, na saluni kwangu. Ilitangaza siku za meli kuondoka bandari ya Nansha, wagonjwa wa kutembelewa na pasipoti zilizookotwa. Kila aliyetaka alipewa dakika kumi za kusema lake bila kukatwa neno, mradi aandike jina kwenye daftari ambalo Harun alilifungia kwa ufunguo. Wengi walimshuku tangu mwanzo. Walisema ni jasusi, ila hawakukubaliana ni wa nani.

Januari 2018, Marijani, mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, aliipa kamera mgongo akaeleza jinsi bosi wa kiwanda kimoja alivyompakilia viatu vya mguu mmoja. Aliomba asitajwe, kwa kuwa shehena yake ya pili ilikuwa bado mikononi mwa bosi huyo. Hazikupita siku nne, bosi akamjua. Marijani alipokwenda kuchukua mzigo aliambiwa "meiyou", hakuna kitu, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Ikasemwa Harun ameuza jina. Skrini zikazimwa moja baada ya nyingine. Hata Jemimah, naye anisamehe, alimwuliza. Harun alimjibu kila mtu kwamba daftari halijafunguliwa, akaishia hapo. Runinga ilifungwa tarehe 2 Februari 2019, naye akarudi kutengeneza simu.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2025. Baadhi yenu mliomkwepa mtaani miaka yote hiyo mlituma matunda hospitalini. Niliyaosha mara mbili.

Sasa ile aya isiyo kwenye ratiba. Siku Marijani alipoonekana kwenye skrini, kitini kwangu alikuwepo mteja ambaye huwakalimania wenye viwanda. Kwenye skrini nikakiona kiraka cha kiwiko cha koti lake Marijani, nilichokishona mwenyewe kwa uzi wa nywele. Nikacheka, nikasema, "Si Marijani huyo? Kiraka hicho ni changu." Habari ya mzigo iliponifikia nilielewa mteja yule alilipeleka jina, nikanyamaza. Na ili nisishukiwe, nilikuwa wa kwanza kuchomoa waya wa skrini.

Agosti mwaka huu nilimweleza Harun. Hakushtuka.

"Nilijua wiki ileile," alisema. "Nani mwingine hushona koti kwa uzi wa nywele?"

Nilimwuliza mbona hakusema.

"Mimi wakinitenga nina Jemimah. Wewe saluni ingekosa watu, ungebaki na nani?"

Naona aibu, na nimechelewa. Juzi nilimpigia Marijani nikamwambia yote. Akauliza ibada ni saa ngapi. Anatusikiliza kwenye simu hii iliyo mezani.

Harun alifariki tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, Jemimah akiwa amemshika mkono. Ameacha mama yake Getrude, mjane wake Jemimah, binti yake Caro, na dada mmoja, ambaye sasa mnamtazama hivyo. Hakuuza jina la mtu. Pumzika, kaka. Aliye na neno, saluni iko palepale, na safari hii atajibiwa na mkosaji mwenyewe.